Jina la Mama Kwenye Simu ya Kibii

Kabla hujaiambia simu yako ikulipie kila kitu yenyewe, ngoja kwanza usikie yaliyompata Nakhumicha, yule Mama Anyango wa mtaa wa Free Area. Hii si habari ya wezi. Hakuna senti iliyopotea. Kila shilingi ilifika pale ilipotumwa, siku ile iliyosemwa, na bado mtoto nusura apotee.

Nakhumicha alifanya kazi kwenye kiwanda cha kukata na kupakia mboga, karoti na kabeji na viazi vinavyoshuka na malori kutoka Molo. Bwanake, Oduor, alikuwa dereva wa lori moja katika hayo, wiki nzima yuko barabarani, kwa hivyo mambo yote ya nyumba yalikaa kichwani mwa mama. Na kichwa chenyewe hakikuwa cha kutulia. Huyu ni mama ambaye akisikia king'ora cha ambulensi anapiga simu shuleni. Akitoka nyumbani anarudi kuangalia kama amezima gesi, akifika kwa geti anarudi tena kuangalia kama kweli aliangalia. Majirani walimcheka. Yeye aliwaambia wacheke tu, nyumba yake haijawahi kuungua.

Mtoto alikuwa ni huyo mmoja, Anyango, wa miaka saba, gredi ya pili. Shule yake ilikuwa ng'ambo ya barabara ya Nairobi, ile kubwa ambayo trela zikishuka haziulizi nani anavuka. Asubuhi mama alimvusha mwenyewe akimshika mkono. Jioni, kwa sababu shifti haikuisha mapema, mtoto alichukuliwa na Kibii wa bodaboda, kijana wa steji ya hapo Free Area, mtu mpole ambaye hata pombe haonji.

Sasa, kule kiwandani simu haziingii ndani. Unaifungia kwenye loka pale mlangoni pamoja na pete na herini, kwa ajili ya usafi, na unaikuta tena wakati wa chai ya saa tisa. Chai yenyewe ni ya dakika chache. Wenzake wakikimbilia mandazi, Nakhumicha alikimbilia loka, akamtumia Kibii shilingi mia, ambayo haikatwi ada, halafu akarudi na chai nusu kikombe akiimeza kwa kusimama. Kibii akisikia simu imelia mfukoni, anawasha pikipiki na kwenda shuleni.

Mambo hayakuanza hivyo. Mwanzo Kibii alikuwa akienda tu kwa saa. Lakini siku moja alifika akakuta mtoto amechukuliwa na nyanyake, mamake Oduor, ambaye huja mjini kliniki ya presha mwanzo wa mwezi na kupitia shuleni. Petroli ikaenda bure. Siku nyingine mtoto alikuwa na homa amelala nyumbani, na mama alisahau kusema. Kibii hakulalamika. Alianza tu kungoja meseji. Ikiingia, anaenda. Isipoingia, anajua leo mtoto ana mtu wake. Hawakukaa chini wakakubaliana. Kila mmoja alizoea, na kwa sababu hakuna aliyewahi kulisema, hakuna aliyewahi kulifikiria.

Halafu kulikuwa na jambo lingine, na hili lilikuwa la Nakhumicha mwenyewe. Aliwahi kusikia redioni habari za mtoto aliyebebwa na mtu wa pikipiki akidanganywa kwamba ametumwa na mama. Usiku huo hakulala, na asubuhi akamkalisha Anyango kitandani akamwambia asipande pikipiki ya mtu yeyote, hata awe Kibii mwenyewe, mpaka aonyeshwe jina la mama kwa simu. Basi ikawa kila jioni pale getini Kibii anainama, anatoa simu, na Anyango anafuata kwa kidole herufi moja moja: NAKHUMICHA SITATI. Akiridhika ndipo anavaa helmeti. Kibii alizoea kumpigia saluti na kumwuliza, "Afande, tunaweza kwenda?"

Hayo ndiyo yalikuwa yanaenda sawa.

Kilichokuwa hakiendi sawa ni kodi ya nyumba. Si kwamba pesa ilikosekana, ni kusahau. Mtu anayekumbuka gesi mara tatu anaweza kusahau tarehe tano. Mwezi wa tatu keateka anayesimamia nyumba za kupanga alisimama katikati ya ploti, watu wakianika nguo, akauliza kwa sauti kama kuna mtu anafikiri nyumba zinajengwa kwa maombi. Hakutaja jina, lakini aliangalia mlango mmoja. Jioni hiyo hiyo stima ikaisha katikati ya kupika ugali, na maji yakakatwa Jumatatu iliyofuata.

Alipoyasimulia kazini, Jepkemei, mwenzake wa meza moja ya karoti, alimshangaa. Alisema yeye hata hajui rent ni tarehe gani, kwa sababu inajilipa. Mshahara ukiingia benki, app inakata ya nyumba inapeleka, inakata ya maji inapeleka, yeye bado amelala.

"Na ikilipa mtu mbaya?"

"Mama Anyango, wewe utakufa na wasiwasi. Ni wewe unaiambia ilipe nani. Ukishaiambia, unapumzika. Kwani hutaki kupumzika?"

Swali hilo lilimwingia. Alitaka sana.

Jumamosi akaenda benki mjini. Msichana wa dawati la wateja alimhudumia vizuri, hakumharakisha, hakumcheka alipouliza kitu kimoja mara nne. Alimwonyesha mahali pa kuandika anayelipwa, kiasi, na mara ngapi: kila siku, kila wiki au kila mwezi. Nakhumicha akaweka mwenye nyumba. Akaweka maji. Akaweka chakula cha shule. Kila alipomaliza moja, alama ya kijani ilitokea, na yeye alisikia kama mtu anamtua mzigo kichwani. Ilikuwa tamu. Akauliza kama anaweza kumweka pia mtu wa bodaboda, na yule msichana akasema anaweza kumweka mtu yeyote mwenye namba ya simu. Basi akamweka Kibii, pesa ya mwezi mzima mara moja, alfajiri ya tarehe tano pamoja na wengine. Alijiambia ni heshima. Nani hapendi kulipwa mwezi mzima mbele?

Msichana akamwuliza kama wote hao wanajua pesa itaanza kuingia kwa njia hii. Akasema atawaambia. Na kweli alikusudia. Keateka alimwambia siku hiyo hiyo, tena kwa sauti, watu wakiwa wanaanika nguo. Kibii alikuwa ameenda kwao Londiani kwenye matanga, simu imezimwa. Alipojaribu mara mbili bila kumpata, alijiambia si kitu. Pesa ikiingia ataona mwenyewe.

Tarehe tano ilikuwa Jumatatu. Alfajiri simu yake ililia mfululizo, meseji juu ya meseji: imelipwa, imelipwa, imelipwa. Alizisoma bado yuko kitandani. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka alitoka nyumbani bila kurudi kuangalia gesi.

Sasa tumwangalie Kibii. Yeye alikuwa amerudi kutoka Londiani usiku, amechoka. Alipoamka alikuta meseji. Pesa imeingia, nyingi kuliko anazopata siku tatu, na mahali pa jina la aliyetuma pameandikwa jina la benki na namba ndefu. Hapakuwa na jina la mtu hata mmoja. Kibii hakuwa na akaunti katika benki hiyo. Hakuwa amemwuzia mtu kitu.

Alipeleka jambo hilo steji. Pale steji kila mtu alikuwa na hadithi ya pesa kama hiyo. Kuna aliyetumiwa na matapeli kisha akapigiwa simu airudishe mara mbili. Kuna aliyeitoa akanunua tairi, na wiki iliyofuata akaitwa kituo cha polisi kuieleza. Mzee wa steji, Kipketer, aliamua. "Usiiguse. Hata kuiangalia usiiangalie. Mwenyewe atapiga."

Kibii akafanya hivyo. Pesa ya Anyango ilikaa kwenye simu yake kutwa nzima, naye akiiogopa.

Saa tisa ilipofika aliitoa simu mfukoni mara mbili kuangalia. Hakuna mia. Akakumbuka kuwa ni mwanzo wa mwezi, nyanya huja kliniki. Akapakia abiria wa kwenda Lanet.

Saa hiyo hiyo kule kiwandani Nakhumicha alikuwa ameketi. Jepkemei alimpisha kwenye benchi kama mgeni wa heshima, akamwekea mandazi mawili. Walimtania kwamba leo wameona meno yake. Alinyoosha miguu, akanywa chai ikiwa moto, akamaliza kikombe kizima. Loka ilikuwa hatua chache kutoka hapo na hakuiendea, kwa sababu hakuwa na haja nayo. Wala hakujua kwamba wakati anachovya andazi la pili simu yake ilikuwa inatetemeka humo ndani, juu ya pete yake ya ndoa. Ni Madam Cheruto, mwalimu wa gredi ya pili, akiuliza kama kuna mtu anakuja.

Alimpigia tena watoto wengine walipokwisha kuchukuliwa. Akampigia Oduor, ambaye wakati huo alikuwa anapanda mlima wa Mai Mahiu na lori limejaa viazi, na Oduor huwa hashiki simu kwenye mlima ule. Mwisho mwalimu, ambaye ana watoto wake pia, alimwacha Anyango na Mzee Kihara wa geti. Mtoto mwenyewe hakuwa na wasiwasi. Alisema Kibii anakuja, ni vile amechelewa.

Mvua ilianza. Mzee Kihara akaenda kufunga madirisha ya madarasa ya nyuma ili maji yasiingie kwenye vitabu. Aliporudi geti lilikuwa wazi kidogo, upana wa mtoto, na mtoto hayuko.

Nakhumicha alitoka shifti ikikaribia saa kumi na mbili. Alifungua loka akiwa anacheka na mwenzake, akavaa pete, akavaa herini, ndipo akaangalia simu. Kicheko kiliishia hapo. Aliona namba ya mwalimu na namba ya shule na namba asiyoijua, zote nyekundu. Alimpigia Kibii kwanza.

"Kibii, mtoto umemfikisha?"

"Mtoto gani?"

"Anyango."

"Si leo ako na nyanyake? Hukutuma."

"Nilituma asubuhi. Nilituma ya mwezi mzima."

Upande wa Kibii palisikika mvua na injini. "Ile ya benki," alisema. "Kumbe ile ni yako."

Hakumwambia pole wala hakujitetea. Alikata simu. Nakhumicha alibaki mlangoni na simu sikioni, na mambo yote aliyowahi kuyaogopa maisha yake yote yakaja mara moja, yamepanga foleni. Jepkemei alimshika mkono akamwambia watatafuta pikipiki, watakwenda, mtoto atakuwa shuleni tu. Walipompata Mzee Kihara kwa simu aliwaambia hayuko shuleni, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayelia.

Walipanda pikipiki moja wawili, mvua inawapiga usoni. Njia nzima Nakhumicha aliangalia kando ya barabara kila kitu chenye rangi ya buluu, maana sweta ya shule ni ya buluu. Aliona turubai. Aliona ndoo. Aliona trela moja baada ya nyingine, na kila moja aliiangalia magurudumu yake. Akamwomba Mungu kwa Kiswahili, kisha kwa Kibukusu, kisha akaishiwa na maneno kwa lugha zote mbili.

Anyango alikuwa ameamua kumfuata Kibii steji. Alitembea mpaka barabara kubwa akafika pale wanapovukia na mama, na hapo akakumbuka: hatuvuki bila mkono wa mama. Basi akasimama. Hakurudi, kwa sababu alijua shule inafungwa, na hakuvuka, kwa sababu alikatazwa. Alisimama na mkoba kichwani mpaka mama mmoja anayechoma mahindi hapo akamvuta chini ya mwavuli wake. Yule mama alimwuliza namba ya mamake, mtoto akaisema yote bila kukosea, ikapigwa, ikalia ndani ya loka.

Na kuna mtu alikuja. Hili ndilo ambalo Nakhumicha mpaka leo akilisimulia anashika meza. Mtu wa pikipiki, amevaa reflekta ya kijani kama ya Kibii, alisimama akasema anamjua huyo mtoto, ampeleke kwao. Labda kweli alimjua. Labda alikuwa mtu mwema anayeona mtoto ananyeshewa. Mama wa mahindi alishaanza kumfuta Anyango uso ampandishe. Anyango akamwambia yule mtu, "Nionyeshe jina la mama." Yule mtu hakuelewa. Mtoto akarudia. Mtu akacheka, akawasha pikipiki, akaenda zake.

Kibii alimpata hapo giza likianza. Alivuka katikati ya magari akaacha pikipiki bila hata kuiegesha vizuri. Alipiga magoti kwenye tope mbele ya mtoto. Na Anyango, akitetemeka, meno yanagongana, akamwuliza, "Mama ametuma?"

Simu ya Nakhumicha ililia akiwa bado njiani na Jepkemei.

"Nimempata. Yuko sawa, amelowa tu." Kibii alikuwa anahema. "Lakini amekataa kupanda. Nimemwonyesha ile meseji ya asubuhi anasema hiyo si jina lako. Nimemwambia mimi ni Kibii, anasema anajua mimi ni Kibii. Mama Anyango, tuma kitu."

Nakhumicha alimsimamisha mwenye pikipiki kando ya barabara. Vidole vyake vilikuwa vimelowa, simu inateleza, haikubali kuguswa. Pesa yake yote alikuwa ameiachia benki, na benki imeshaigawa kwa wenyewe. Kwenye simu zilikuwa zimebaki shilingi sita. Akaandika moja. Akakosea namba ya siri, akaandika tena. Jepkemei alimfunika na leso ili mvua isiguse kioo.

Ng'ambo ile simu ya Kibii ililia. Aliinama kama kawaida, akaipangusa kwa shati, akaishikilia chini ya mwavuli wa mama wa mahindi. Anyango akanyoosha kidole akasoma polepole, herufi moja moja, mpaka mwisho. Kisha akachukua helmeti.

Kibii hakupiga saluti siku hiyo.

Nyumbani, mtoto alipokwisha kuogeshwa maji ya moto na kulishwa na kulala, Nakhumicha alikaa na simu mapajani. Kibii alikuwa bado mlangoni, nguo zinadondosha maji. Alitaka kurudisha ile pesa ya mwezi, aseme tu wapi. Nakhumicha akakataa, akasema kosa si lake. Kibii akasema lake pia liko, angepiga simu. Wakabishana hivyo kidogo, kila mmoja anavuta kosa upande wake, mpaka Oduor akapiga kutoka Nairobi akilia kama mtoto, wakaacha.

"Basi kaa nayo," Nakhumicha alimwambia baadaye. "Lakini kila siku nitatuma ile moja."

Kibii akafikiri. "Na mimi nikimfikisha nitairudisha."

Ndivyo wanavyofanya hadi sasa. Kodi inajilipa, maji yanajilipa, na keateka siku hizi anamsalimia kwanza. Pesa ya Kibii inaingia tarehe tano, na sasa anajua ni ya nani. Lakini saa tisa, wenzake wakikimbilia mandazi, Nakhumicha anakimbilia loka. Jepkemei hamtanii tena kwa hilo, humwekea chai pembeni na kuifunika kwa kisahani. Shilingi moja inatoka, jina linasomwa getini, helmeti inavaliwa.

Mama, kama na wewe umeipa simu kazi ya kulipa, uliza kwanza ile pesa ilikuwa inafanya kazi gani nyingine kabla. Benki haiwezi kujua. Yule msichana wa dawati alifanya kazi yake vizuri, app nayo ilifanya yake. Wenye kujua walikuwa Nakhumicha na Kibii wenyewe, na hawakuwahi kulisema.

Jioni shifti ikiisha, Nakhumicha hachukui pete kwanza. Anachukua simu. Shilingi iliyorudishwa na Kibii huwa imeshamtangulia hapo. Siku moja wiki jana ilikuwa haijarudi, network ilikuwa mbaya upande wa Free Area, na wenzake walimwona amesimama mbele ya loka, koti mkono mmoja, haendi mbele wala nyuma. Walipita kimya kimya. Ilipoingia alikaa chini palepale sakafuni, akavua buti za kazi, akavaa viatu.